Senti ngapi kwa mstari ndiyo haki kwenye unukuzi wa kitabibu? Tupige hesabu kabla ya kusaini

#1 Mstari65

Wakuu, kwa sisi tunaosikiliza sauti za madaktari na kuzichapa kuwa ripoti, swali linarudi kila mara: "Nimepewa senti 7 kwa mstari, nikubali?" Majibu yanamiminika, huyu anasema ni wizi, yule anasema shukuru umepata. Wote wanabahatisha, kwa sababu swali lenyewe ni nusu. Senti 7 kwa mstari upi? Na kwa saa moja inatoka mistari mingapi, ukiweka na zile dakika ambazo hakuna anayezilipa?

Nitatumia dola na senti za Marekani, kwa kuwa mtindo huu wa kulipa kwa mstari umekomaa huko na mikataba yake huandikwa kwa fedha hiyo.

Kwanza ile 65, yaani herufi 65 zinazohesabiwa kuwa mstari mmoja. Haikutoka hewani. Karatasi ya Marekani ina upana wa inchi 8.5. Toa inchi moja kila upande, inabaki 6.5. Taipureta ya maandishi ya kawaida ilipiga herufi 10 kwa inchi. 6.5 mara 10 ni 65. Mashine zile zimeshaingia stoo lakini kipimo kimebaki.

Mwaka 1993 AAMT (chama cha wanukuzi wa kitabibu, kilichobadili jina kuwa AHDI mwaka 2007), AHIMA (chama cha wasimamizi wa taarifa za afya) na MTIA (chama cha kampuni za unukuzi) walitoa tafsiri ya pamoja: mstari ni herufi 65, na "herufi" ni kila kinachohitajika ili hati ikamilike, yaani herufi zenyewe, tarakimu, alama, nafasi kati ya maneno, kurudi mstari mpya, hata kitufe cha kukoza maandishi na cha kupiga mstari chini. Kwa mnukuzi ilikuwa neema. Shida ni kwamba mteja akishika hati iliyokamilika hawezi kuona ulibonyeza kitufe cha kukoza mara ngapi, na programu mbili zilihesabu hati moja zikatoa majibu mawili. Mwaka 2007 AHIMA na MTIA wakapendekeza kipimo kingine: herufi inayoonekana kwa macho tu, maarufu kwa kifupi VBC. Nafasi haihesabiwi, kukoza hakuhesabiwi, kurudi mstari hakuhesabiwi.

Kwa hiyo leo ukisikia "mstari" unaweza kuwa umeambiwa moja kati ya vitu vitatu:

1. Herufi 65 pamoja na nafasi.
2. Herufi 65 zinazoonekana tu, bila nafasi.
3. Mstari wa ukurasa, yaani kila mstari wenye maandishi ni mmoja, uwe umejaa au una neno moja.

Anayekutajia senti bila kukuambia ni upi kati ya hivyo bado hajakutajia bei.

#2 PedaliTaratibu

Asante mkuu. Nina ofa mbili mezani. Moja senti 7 kwa herufi 65 na nafasi zake. Nyingine senti 8 kwa VBC. Nilikuwa nakimbilia ya 8. Nisubiri?

#3 Mstari65

Subiri. Chukua ripoti ya kawaida ya mashauriano yenye herufi 3,900 ukihesabu na nafasi. Ugawe kwa 65, unapata mistari 60. Kwa senti 7 ni dola 4.20.

Sasa ondoa nafasi. Kwenye Kiingereza cha hospitali nafasi huwa karibu 15 katika kila herufi 100. Zinatoka 585, zinabaki 3,315. Ugawe kwa 65, ni mistari 51. Kwa senti 8 ni dola 4.08.

Hati ni ileile, jasho ni lilelile, na "senti 8" imelipa pungufu. Ili VBC ilingane na senti 7 ya nafasi lazima ifike senti 8.24. Kanuni ya haraka: bei ya VBC igawe kwa 1.18 upate thamani yake kwenye mstari wa nafasi. Senti 8 ikigawiwa kwa 1.18 ni kama senti 6.8.

Usiamini hiyo 15 yangu bila kupima. Fungua hati kumi za daktari utakayemfanyia, ziangalie kwenye Word kwenye takwimu za maneno: kuna herufi pamoja na nafasi na herufi bila nafasi. Gawa moja kwa nyingine. Daktari anayependa maneno marefu ya upasuaji atakuwa na nafasi chache, na anayejaza vipimo na tarakimu fupi fupi atakuwa nazo nyingi.

#4 BiNukta

Naongezea kwenye kile kipimo cha tatu, cha mstari wa ukurasa, maana watu wanakidharau. Orodha ya dawa tisa, kila dawa kwenye mstari wake, wastani wa herufi 22. Kwa ukurasa hiyo ni mistari 9. Kwa herufi 65 ni 198 gawa kwa 65, yaani mistari 3 na kidogo. Hati zenye orodha nyingi na vichwa vidogo vidogo vya uchunguzi wa mwili, mstari wa ukurasa unakupa mara mbili hata tatu.

Ila una mlango wa nyuma. Mstari wa ukurasa hutegemea ukubwa wa maandishi na pambizo. Mteja akipunguza maandishi kutoka pointi 12 hadi 10 na kupanua ukurasa, mistari yako inapungua bila senti kuguswa. Ukikubali kipimo hiki, mkataba utaje aina ya maandishi, ukubwa na pambizo. Bila hayo usiguse.

Kingine ni kukata sehemu za mstari. Kuna mifumo inayokokotoa kila hati peke yake halafu inatupa desimali: hati ya mistari 12.9 inalipwa 12. Mwenye hati ndefu chache hahisi kitu. Mwenye hati fupi 40 kwa siku anapoteza wastani wa nusu mstari kila moja, mistari 20 kwa siku. Kwa senti 7 ni dola 1.40 kila siku, inavuja kimyakimya. Dai herufi zote za kipindi cha malipo zijumlishwe kwanza, ndipo zigawiwe kwa 65 mara moja.

#5 Kinasa

Mimi sioni haja ya mizunguko yote hii. Lipeni kwa dakika ya sauti, kila mtu anaiona saa, hakuna ubishi wa nafasi wala VBC.

#6 Mstari65

Inafaa kwa baadhi ya sauti, siyo zote. Dakika moja ya imla ya kawaida hutoa mistari kama 10. Daktari anayesitasita, anayepekua faili huku kinasa kinazunguka, atakupa 6. Anayekimbia kama mtangazaji wa mpira atakupa 14.

Chukua senti 70 kwa dakika, ambayo kwa mistari 10 ni senti 7. Kwa msitasitaji umelipwa karibu senti 11.7 kwa mstari, umefaidi, maana ukimya umeuhamishia kwa mteja. Kwa mkimbiaji umelipwa senti 5, umeumia. Kwa hiyo waongeaji polepole wadai kwa dakika, wakimbiaji wadai kwa mstari. Mteja mwenye akili atakataa, lakini angalau mtajua mnabishania nini.

Na angalia kama kinasa chao kinajizima chenyewe pakiwa kimya. Kikiwa hivyo, dakika zote ni maneno yaliyoshikana bila ukimya, na bei ya dakika inatakiwa ipande.

#7 Nukuzi_Mpya

Wakubwa, hiyo "mistari kwa saa" inapimwaje? Programu yangu inaniambia 210 lakini mwisho wa wiki pesa haifanani na 210.

#8 BiNukta

Programu inahesabu muda ambao vidole vinagonga. Wewe unaishi kwenye muda wote. Pima hivi:

Saa ianze unapolifungua faili, isimame hati inapopokelewa na mfumo. Ndani yake mna kutafuta mgonjwa sahihi kwenye orodha, kulinganisha namba ya ziara, kutafuta jina la daktari aliyetumiwa nakala, kuangalia dawa usiyoijua, kusikiliza tena pale palipoacha pengo, na kusoma yote tangu juu kabla ya kutuma. Fanya hivyo siku tano za kazi, usichague siku nzuri. Jumla ya herufi gawa kwa 65, gawa kwa jumla ya saa. Hiyo ndiyo kasi yako ya kulipwa.

Halafu weka na muda wa kusubiri kazi. Zamu ya saa 8, foleni ikawa tupu kwa saa moja na robo. Umefanya saa 6.75 kwa mistari 150, ni mistari 1,012. Ukiigawa kwa zile saa 8 ulizofungiwa mezani, ni 126 tu kwa saa. Kwa senti 7 umepata dola 70.84 kwa zamu, yaani dola 8.86 kwa saa, siyo 10.50 uliyodhani.

Tenganisha daktari kwa daktari pia. Wastani unaficha. Unaweza kukuta madaktari wanne wanakupa 180 na mmoja anakupa 80, na huyo mmoja ndiye mwenye mafaili mengi.

#9 Mstari65

Ukishaipata kasi ya kweli, bei ya haki inatoka yenyewe: lengo lako kwa saa gawa kwa mistari yako kwa saa.

Lengo dola 12, kasi 150: senti 8.
Lengo dola 12, kasi 200: senti 6.
Lengo dola 12, kasi 110: karibu senti 11.

Hapo mtaona kwa nini hakuna "bei nzuri" moja ya kila mtu. Senti 6 kwa mtu anayemjua daktari wake kwa miaka na ana vifupisho elfu mbili (herufi chache ambazo programu inazifungua kuwa maneno mengi) ni kazi safi. Senti 6 hiyohiyo kwa mgeni kwenye mafaili ya upasuaji wa moyo ni njaa.

Kitu kimoja kwa wanaofanya kazi wakiwa Marekani: mwajiriwa anayelipwa kwa mstari bado analindwa na sheria ya kima cha chini. Cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, na majimbo mengi yana cha juu zaidi. Mistari yako ya wiki ikigawiwa kwa saa zako ikashuka chini ya hapo, mwajiri anafidia. Saa za kukaa zamu ukisubiri foleni ijae huingia kwenye hesabu, na baada ya saa 40 kuna nyongeza ya saa za ziada hata kama unalipwa kwa mstari. Mkandarasi huru hana hata kimoja kati ya hivyo, na juu yake anabeba kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 inayopigwa kwenye asilimia 92.35 ya faida. Dola 10.50 inabaki kama dola 9.02 kabla ya kodi ya mapato. Kwa hiyo senti 7 ya mwajiriwa na senti 7 ya mkandarasi ni ndugu wa mbali.

#10 PedaliTaratibu

Na hii ya kuhariri rasimu ya mashine, yaani programu imeshageuza sauti kuwa maandishi na wewe unasahihisha? Ofa yangu ya pili ina kipengele: kuchapa senti 8, kuhariri senti 4. Wanasema mashine imeshafanya nusu ya kazi.

#11 Msikivu

Hapa ndipo watu wanapoliwa, kwa hiyo twende taratibu.

Nusu ya bei inakuwa haki pale tu kasi yako inapokuwa maradufu. Kanuni: bei ya kuhariri isipungue bei ya kuchapa mara kasi ya kuchapa, gawa kwa kasi ya kuhariri. Unachapa 150 kwa senti 7, unahariri 250: 7 × 150 ÷ 250 = senti 4.2. Rasimu zikiwa mbovu unahariri 180: inakuwa senti 5.8. Anayekupa senti 4 kwa rasimu za namna hiyo anakulipa dola 7.20 kwa saa kwa kazi ngumu kuliko kuchapa.

Kuna dari ambayo haiongelewi. Mhariri lazima asikilize sauti yote. Dakika 60 za sauti zina mistari kama 600. Hata rasimu ikiwa haina kosa lolote, kwa mwendo wa kawaida wa sauti huwezi kuvuka 600 kwa saa, na hapo hujasimamisha sauti kwa pedali ya mguu hata mara moja. Ukitumia dakika mbili kwa kila dakika ya sauti, ambayo ni kazi nzuri, uko 300. Msimamizi anayetaka 500 kwa saa anataka, kwa maneno mengine, usome bila kusikiliza.

Na usiposikiliza ndipo mashine inapokuzika, kwa sababu makosa yake yanasomeka vizuri. Mchapaji akikosea unaona neno limevunjika. Mashine ikikosea inaandika sentensi nzuri yenye uongo. Daktari alisema "no chest pain", ile "no" ikamezwa na pumzi, rasimu inasema mgonjwa ana maumivu ya kifua. "Fifteen" inaingia kama "fifty". Celebrex inageuka Celexa: moja ni ya maumivu ya viungo, nyingine ni ya sonona, na zote zinakaa sawa kabisa kwenye orodha ya dawa. Jicho peke yake halitayakamata hayo, sikio litayakamata.

#12 Kinasa

Ila tuseme ukweli, wapo wahariri wanaofika 400 na alama zao za ubora ziko juu.

#13 Msikivu

Wapo. Wana daktari mmoja au wawili waliozoeleka na mashine, hati zilezile, na wanaongeza mwendo wa sauti hadi mara 1.3 au 1.5. Kwao senti 4 inalipa dola 16. Sina ugomvi nao. Ugomvi ni kuchukua kasi yao na kumwekea bei mtu anayepokea foleni mchanganyiko ya madaktari 60.

Ndiyo maana kipengele cha kudai ni hiki: rasimu iliyobadilishwa zaidi ya kiwango fulani inahamia bei ya kuchapa. Tajeni kiwango, kwa mfano asilimia 30 ya maneno, na tajeni kinavyopimwa, yaani kulinganisha rasimu ya mashine na hati ya mwisho kwa programu. Bila kipimo kilichoandikwa kitakuwa kelele tu. Na uwepo uhuru wa kuitupa rasimu yote na kuanza upya, maana wakati mwingine kufuta na kuchapa ni haraka kuliko kushona viraka.

#14 Nukuzi_Mpya

Swali la vifupisho. Nikiandika herufi tatu programu ikafungua aya nzima, nalipwa herufi tatu au aya? Kuna mahali wanasema wanakata.

#15 BiNukta

Aya. Unauza hati, siyo mapigo ya vidole. Programu ya vifupisho umeinunua wewe, maingizo umeyajenga wewe usiku na mchana. Anayetaka kukata faida hiyo akulipe kwanza gharama ya kuijenga.

Kigumu ni violezo vya daktari. Anasema "weka uchunguzi wangu wa kawaida", mistari 18 inatua kwa kubonyeza mara moja. Wengi wanagombana hapa.

#16 Kinasa

Hapo mimi nasimama na mteja. Mistari 18 kwa neno moja ni kumkamua mtu.

#17 BiNukta

Ingekuwa hivyo kama ingeishia kwenye neno moja. Daktari anasema "weka wa kawaida, isipokuwa mapafu yana mikwaruzo kushoto chini, na tumbo lina kovu". Sasa inabidi uingie ndani, utoe sentensi inayosema mapafu ni safi, uweke mpya, uhakikishe hapo chini hakuna mstari mwingine unaosema pande zote mbili ni sawa. Ukisahau, hati inajipinga yenyewe na kosa linaandikwa kwa jina lako.

Njia ya katikati inayokubalika pande zote: sehemu ya kiolezo isiyoguswa inalipwa nusu, sehemu yoyote iliyoguswa inalipwa yote. Kinachotoka chenyewe kwenye mfumo, kama jina, namba ya mgonjwa na anwani ya kliniki pale juu, hakilipwi, na sidhani kama kuna haja ya kukipigania.

#18 Kinasa

Nusu kwa kisichoguswa, hiyo nakubali.

#19 Mionzi

Mnasahau ripoti fupi. Radiolojia, yaani ripoti za eksirei na picha nyingine za mwili, ni ulimwengu mwingine.

Ripoti ya picha ya kifua yenye herufi 900 ni mistari 13.8, kwa senti 7 ni senti 97. Kuchapa na kusoma dakika tatu na nusu, kufungua na kulinganisha mgonjwa na kutuma dakika moja na nusu. Dakika tano jumla, ripoti 12 kwa saa, dola 11.60. Sawa.

Sasa ripoti ya mfupa wa kidole, herufi 300. Mistari 4.6, senti 32. Kuchapa dakika moja, kufungua na kutuma dakika moja na nusu ileile, haipungui kwa sababu ripoti ni fupi. Ripoti 24 kwa saa, dola 7.75. Zaidi ya nusu ya saa yako imekwenda kwenye kufungua na kufunga milango.

Dawa yake ni kima cha chini kwa ripoti: kila ripoti ilipwe si chini ya mistari 8 au 10. Au bei moja kwa ripoti, ila muitenge kwa aina ya kipimo, maana ripoti ya CT ya tumbo haiwezi kukaa kapu moja na ya kidole.

Na kazi za dharura, zile za kurudishwa ndani ya saa moja au mbili: zinakukatisha hati uliyokuwa ndani yake, unapoteza pale ulipofika, unarudi kusikiliza tena dakika mbili nyuma. Nyongeza ya robo hadi nusu ya bei ni halali kabisa. Na iwe kwa kila faili lililowekewa alama ya dharura, hata kama ulilirudisha mapema.

#20 PedaliTaratibu

Naweza kuweka hapa picha ya ripoti moja mnionyeshe mnavyohesabu?

#21 Msikivu

Hapana mkuu, usithubutu. Hata ukifuta jina. Chini ya HIPAA, sheria ya Marekani ya faragha ya taarifa za wagonjwa, kuna vitambulisho 18 vya kuondolewa kabla hati haijahesabika kuwa haina mwenyewe, na tarehe ya matibabu ni kimojawapo, unaruhusiwa kubakiza mwaka tu. Namba ya faili, umri unaozidi miaka 89, vyote vimo. Na tangu kanuni za 2013, mkandarasi mdogo wa kampuni ya unukuzi anabanwa na sheria moja kwa moja, siyo kampuni peke yake. Tunga ripoti ya uongo yenye urefu uleule.

Hilo nalo lina upande wa bei: diski iliyofungwa kwa nywila, kompyuta isiyochangiwa na watoto, chumba chenye mlango. Hizo ni gharama zako, ziweke kwenye lengo la saa.

#22 PedaliTaratibu

Nimeelewa, naiacha. Makato ya ubora je? Ofa ya kwanza inasema hati chini ya asilimia 98 hailipwi.

#23 Msikivu

Asilimia 98 kama kiwango si tatizo, imezoeleka kwenye fani. Tatizo ni "hailipwi". Omba mambo haya yaandikwe:

Makosa yagawanywe. Kosa linaloweza kumdhuru mgonjwa, kama dawa, kipimo au upande wa mwili, lina uzito wake. Koma iliyopotea haina uzito huo. Ukikuta koma na kipimo cha dawa vinatoa alama sawa, huyo mkaguzi anatafuta makato.

Pengo halali si kosa. Sauti ikikatika unaacha pengo na kuandika ni dakika na sekunde ya ngapi, kwa mfano 3:42, pamoja na kile ulichodhani umesikia. Mkataba unaoadhibu mapengo unafundisha watu kubahatisha, na hilo ni hatari kuliko pengo.

Makato yasizidi thamani ya hati yenyewe, na upewe muda wa kupinga, tuseme siku saba, ukiwa na uwezo wa kulisikiliza faili tena. Mifumo mingine hufunga sauti mara tu hati ikitumwa. Ukaguzi usioweza kuusikiliza huwezi kuupinga.

#24 Nukuzi_Mpya

Na ukianza kazi, unajuaje kama hesabu yao ya mistari ni ya kweli?

#25 BiNukta

Weka jedwali lako: tarehe, namba ya kazi (siyo jina la mgonjwa), herufi na nafasi, herufi bila nafasi, dakika za sauti. Inachukua sekunde kumi kwa hati. Mwisho wa kipindi linganisha na hati yao ya malipo.

Kumbuka Word haihesabu kilichomo kwenye kichwa na mguu wa ukurasa, na kurudi mstari mpya hakuingii hata kwenye ile ya "pamoja na nafasi". Tofauti ndogo isikutoe roho. Ikivuka asilimia 2 au 3, chagua hati tano na uombe hesabu yao ya kila moja. Tofauti ikiwa ileile kwenye zote tano, karibu 15 kwa 100, basi wanatoa nafasi na hawakukuambia. Ikiwa hati nne zinalingana na moja ina pengo kubwa, hiyo ina kiolezo walichokikata. Na kama zote tano zinalingana lakini jumla ya wiki haifiki, tafuta namba za kazi ambazo hazimo kabisa kwenye orodha yao, mara nyingi ni zile zilizopitia kwa mkaguzi na kuandikwa kwa jina lake.

#26 PedaliTaratibu

Nimepima hati kumi za mfano walizotoa, zile za kutunga. Nafasi ni 14 kwa 100. Kwa hiyo senti 8 yao ya VBC ni senti 6.9. Nimewajibu: senti 8.25, ripoti isipungue mistari 8, kuhariri senti 5, na rasimu iliyobadilika zaidi ya asilimia 30 ihamie bei ya kuchapa.

#27 Mstari65

Kwenye hiyo 30 waambie na programu itakayolinganisha, na nani ataiendesha. La sivyo watakuambia kila rasimu imebadilika 29.